Mita 14.2, na mimi niko juu ya mwamba

Nilipopeleka lalamiko langu la tatu, safari hii mwenyewe, kwenye duka la fundi kule Kampala, kioo cha kipimakina, kile kifaa kinachoonyesha kina cha maji chini ya mashua, nimekiviringisha kwenye taulo kama mtoto mchanga, fundi hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mzee, mashine ni nzima," akasema. "Maji ya huku yana vitu vingi ndani, yanaichanganya. Kama imekushinda, rudi kwenye kamba na jiwe lako." Mbele za watu! Vijana wawili waliokuja kutafuta betri za sola wakacheka, mmoja akageukia ukutani ili nisimwone.

Mimi ni mtu wa Tanga, Entebbe nimeletwa na kazi. Hiyo kamba na jiwe ina jina lake: bildi. Babu yangu aliitia maisha yake yote na hakuwahi kupanda mwamba. Mimi nimeupanda, na kioo cha pesa nyingi kikiniangalia.

Mashua yangu ni ya faiba, ndogo, niliinunua kwa Mzungu aliyekuwa anahama. Kipimakina chake cha zamani kilikuwa kimekufa, nikanunua kipya, na fundi huyuhuyu akaja kukifunga. Sensa, kile kidude kinachotuma sauti majini, hatukuitobolea tundu, aliigandisha kwa gundi ya ipoksi ndani ya ngama, yaani chini kabisa ndani ya mashua, kwa hiyo sauti inapita kwenye faiba, inagonga sakafu ya ziwa na kurudi. Njia hiyo inakubalika kabisa, siilaumu. Wiki ya kwanza ilifanya kazi vizuri hata nikaisifu nje ya msikiti baada ya Ijumaa, jambo ambalo bado naonea haya.

Halafu ikaja safari ya kisiwa cha Bugala, humu Ziwa Viktoria. Mwezi siukumbuki, ila upepo ulikuwa mzuri na shemeji yangu alikuwa amekuja kututembelea. Tulipokaribia kisiwa, baharia wangu, kijana wa Kalangala, akaniambia taratibu, "Mzee, maji yamebadilika rangi." Nikamwonyesha kioo. "Soma. Mita 14.2." Akanyamaza, kwa adabu tu. Muda si mrefu tukasikia kwaruuu kutoka chini, mashua ikasimama ghafla, na shemeji akaimwaga birika nzima ya chai kwenye miguu yake. Kioo bado kinasema 14.2, na kinapepesa.

Hilo la kupepesa ndilo kiini cha hasira yangu. Mimi nilidhani ni mbwembwe za vifaa vya kisasa. Kumbe kinapopepesa kinasema kimepoteza sakafu, na hiyo namba unayoiona ni ya mwisho kilichoipata, pengine ya robo saa iliyopita! Maneno mawili tu yangetosha: "Ikipepesa, usiiamini." Mtu amekaa kwenye mashua yangu nusu siku, amekula samaki wangu, na hakuyasema. (Miamba nayo, tangu ziwa lifurike 2020, mingine iliyokuwa ikionekana imejificha chini ya maji. Lakini hilo tulijue sisi wenye mashua, simtwiki.)

Alikuja mara ya kwanza akasema ni betri. Nikanunua betri. Akaja tena akasema ni kelele za umeme wa mashine ya mashua, yaani injini. Hapo alipatia kidogo, maana mashine ikiwaka namba zilikuwa zinaruka kama panzi. Ila waya wa sensa ulikuwa umefungwa pamoja na waya mnene wa mashine, na aliyeufunga ni yeye! Akautenganisha, akanitoza nauli na ufundi, namba zikaacha kuruka. Kupepesa kukabaki. Mara ya tatu ndiyo nikaenda mwenyewe na taulo langu.

Baada ya kuchekwa, nikaifanya kazi mwenyewe. Nilizima mashine, nikakiunganisha kioo na betri ndogo ya pembeni peke yake. Kinapepesa vilevile. Basi si umeme. Nikachukua patasi, nikaibandua sensa polepole jasho likinitoka, nikaitumbukiza majini kwa waya wake, ubavuni mwa mashua. 9.3, imetulia. Kijana akafunga chuma cha gia kwenye kamba ya nyavu, akatia bildi: pima tano na kitu (pima moja ni karibu mita 1.8). Sensa ni nzima!

Nikaiangalia gundi iliyobaki ngamani. Ilikuwa na matundu kama mkate wa kumimina. Nikamkumbuka fundi siku ile alivyoikoroga, mbio mbio, kama wanavyopiga mayai ya roleksi, ile chapati ya mayai, kando ya barabara. Hewa imejaa ndani, na sauti ya chombo hiki haipenyi hewa, inarudishwa palepale. Wiki ile ya kwanza naona ilikuwa bahati, na sisi tulikuwa tunazunguka maji madogo tu. Nikapiga msasa, nikakoroga ipoksi pole pole, nikaimimina, nikaikandamiza sensa huku naizungusha hadi mapovu yakatoka. Tangu siku hiyo hakijapepesa.

Basi hukumu yangu ilikuwa tayari: kifaa nyota tano, fundi hata nusu hastahili kupewa.

Ila usiku mmoja tumetia nanga, kioo kikasema mita 6.1. Hakipepesi, kimetulia kama jabali. Kijana hakukiamini (ameshafundishwa na mimi), akatia bildi. Pima kumi! Asubuhi ikarudi sawa. Nikarudi kwenye kutukana, hadi kijana mmoja anayesomea samaki aliponieleza: wale vidudu wanaopaa kutoka ziwani kama moshi, wengine viluwiluwi vyao hushinda kwenye tope mchana na kupanda juu usiku, na miilini mwao wana vifuko vya hewa. Hewa tena. Kioo kinaweza kudhani wao ndio sakafu.

Maana yake maji ya huku kweli yana vitu vingi ndani. Inaniuma kuandika hivyo. Sidhani kama fundi alijua anachosema, na hata kama alijua, si kwa mdomo ule. Kifaa nimekishusha hadi nyota tatu. Labda nne mchana.

Juzi nikaenda kutafuta kamba nzuri ya bildi, isiyovutika, niifunge alama za pima. Nimezunguka mji mzima, iliyofaa ilikuwa kwenye duka lilelile. Fundi akanipimia, akapokea pesa, akaniuliza kama jiwe ninalo.