Dawa au mazoezi ya kuikabili hofu? Matibabu mawili ya wasiwasi sugu

Mtu anayerudia udhu hadi swala inampita, au anayeshuka daladala Mbagala na kurudi nyumbani kukagua kufuli mara ya tano, hana upungufu wa imani wala wa akili. Anaumwa wasiwasi sugu (kwa Kiingereza OCD), yaani mawazo ya hofu yanayojirudia na kumsukuma kurudia vitendo, na ugonjwa wake unatibika.

Dawa zinazotumika sana ni kama fluoksetini na setralini. Wengi hukata tamaa mapema kwa sababu nafuu huchukua wiki 8 hadi 12, na dozi mara nyingi huwa kubwa kuliko ya sonona. Mwanzoni kichefuchefu na usingizi kuvurugika ni kawaida. Usiziache ghafla. Kijana akianza kuwaza kujiua, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Mazoezi ya kuikabili hofu ni kitu kingine kabisa: unashika bomba la daladala kwa makusudi, kisha hunawi. Hofu inapanda, unaivumilia bila kuikimbia, nayo inashuka yenyewe. Mnaanza na jambo dogo, wewe na mtaalamu, kisha gumu zaidi, kwa vikao 12 hadi 20 hivi. Inachosha, jamani, tena sana! Lakini faida yake hudumu, ilhali waliotegemea dawa peke yake hurudiwa na ugonjwa kwa urahisi zaidi wakiziacha.

Tatizo ni kwamba kidonge hupatikana kirahisi kuliko mtaalamu wa mazoezi hayo. Kwa hali kali, mimi ningechagua vyote viwili. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wapo madaktari wa afya ya akili. Ukifika, waulize waziwazi nani anafundisha mazoezi hayo.