Ignisheni ya transista niliyojitengenezea kwenye Bullet 350: uzoefu wangu wa miezi 14

Kwa mwenye haraka: ignisheni hii, yaani mfumo wa kuipatia plagi moto, inafanya kazi. Imenigharimu shilingi 38,000, humo zikiwemo transista (swichi za kielektroniki) mbili nilizoziunguza kwa ujinga wangu mwenyewe. Pikipiki haijaongeza nguvu hata chembe. Aliyekuambia kwamba ukiweka elektroniki pikipiki kuukuu itapaa, alikuwa na kitu cha kukuuzia.

Mwenye nafasi, tuendelee.

Pikipiki yangu ni Royal Enfield Bullet 350, silinda moja, cc 346, ya Madras kule India. Waingereza ndio waliobuni, Wahindi wakaanza kuiunda kwao mwaka 1955, na kwa miongo mingi hawakuona sababu ya kuibadilisha sana. Yangu ni ya volti 12, hasi imefungwa kwenye chesisi. Niliinunua kwa mzee mmoja hapa Tanga aliyechoka kuipiga kiki, na haikupita miezi miwili nikaelewa kwa nini alikuwa anatabasamu wakati anahesabu hela.

Bullet haiwashwi hovyo, ina adabu zake. Unafungua swichi, unakanyaga kiki taratibu huku macho yako kwenye mita ya ampea pale juu ya taa. Pointi, yaani vile vyuma viwili vidogo vinavyounga na kukata umeme, zikifunga, mshale unaangukia upande wa hasi, maana koili inayoipa plagi volti kubwa imeanza kunywa umeme. Zikifunguka, mshale unarudi katikati. Hapo unavuta kile kikono cha kutoa pumzi ya silinda, unaipitisha pistoni juu kidogo, unaachia kikono, ndipo unakanyaga kwa moyo wote. Ukikosea inakurudishia mguu. Kovu la ugoko ninalo.

Sasa kila mshale unaporudi katikati, zile pointi mbili ndogo zimekata umeme wa zaidi ya ampea tatu. Koili yangu nimeipima, ni omu 3.5, piga hesabu mwenyewe. Kondensa kazi yake ni kuumeza ule moto unaotaka kuruka kati ya pointi zinapoachana. Ikichoka, pointi zinaungua: upande mmoja unachimbika shimo, upande wa pili unaota kichuguu. Nasi tunaokaa na bahari mlangoni tunaongezewa chumvi ya hewani, ukiiacha pikipiki siku tano unakuta utando wa kijivu juu ya pointi. Nikawa nazipiga msasa kila mwezi. Kondensa nilinunua mpya, tena mara mbili. Moja ilidumu wiki mbili, nyingine haikufika Muheza.

Siku iliyonikatia shauri ilikuwa kwenye kona za kupanda Lushoto kutoka Mombo, kabla ya Soni, saa moja usiku, manyunyu yanashuka. Pikipiki ikakohoa mara tatu ikazima. Nilizisugua pointi kwa ubavu wa kiberiti, simu nimeing'ata mdomoni inimulikie. Iliwaka, nikafika. Lakini nilipanda mlima uliobaki nikiwa nimenuna.

Ushauri wa kwanza wa mafundi ulikuwa mmoja: "Funga CDI ya bodaboda, umalize." Nilikubali mpaka nilipokaa kufikiri. CDI ya bodaboda, kile kisanduku cha elektroniki kinachopiga moto wa plagi, haijitegemei. Nyingi zinalishwa na koili maalumu iliyo kwenye magineto, inayotoa volti nyingi, na zinaambiwa muda wa kupiga moto na kile kipulsa kilicho pembeni ya sumaku. Bullet haina hata kimoja kati ya hivyo viwili. Yenyewe ina betri, koili, na vizito vinavyofunguka kwa mzunguko ili kuwahisha moto injini inapokimbia. Ili uivike CDI ile lazima uchonge, upachike, ubahatishe. Wapo waliofanikiwa, nawapa heko, ila mimi si mchongaji.

Nikaenda kwa mzee mmoja fundi redio wa Ngamiani. Baada ya shikamoo nikamweleza shida. Hakuchora chochote kwanza. Alisema, "Mwanangu, hiyo pointi umeibebesha gunia. Ipe kikapu, gunia mpe transista."

Na mchoro wote ndio huo. Pointi zinabaki mahali pake, lakini hazigusi tena koili. Zinapofunga zinawasha transista ndogo, TIP42, tuliyoing'oa kwenye amplifaya mbovu. Hiyo nayo inaiamsha transista kubwa, BU931, ambayo ilitengenezwa hasa kwa koili za magari, na hiyo ndiyo inayokata na kuunga umeme wa koili. Pointi zikifunguka, zote mbili zinalala papo hapo, koili inapiga moto. Katika pointi sasa inapita robo ampea tu. Ningeweza kuipunguza zaidi, mzee akanikataza: umeme ukiwa kidogo mno pointi hazijisafishi, utando unabaki. Kwa hiyo kuna rezista (kizuizi cha umeme) ya omu 56, wati 5, iliyowekwa makusudi ili pointi ziwe na kitu cha kutafuna.

Mwili wa transista kubwa ni njia ya umeme wa koili. Ukiifunga moja kwa moja kwenye bati la kupooza joto, na bati hilo limegusa chesisi, umeipa koili njia ya hasi ya kudumu: haitakatika, haitapiga moto. Lazima katikati kuwe na karatasi ya mika isiyopitisha umeme na boliti yake ivishwe bushi ya plastiki. Nilikwishaambiwa, nikasahau, nikapoteza Jumamosi nzima nikitafuta kosa kwenye waya.

Transista ya kwanza niliiua kwa mbwembwe. Ignisheni ilipokubali niliwaita vijana wa mtaani waje waone. Nikaushika waya wa plagi na koleo ya plastiki, nikauweka kama sentimita mbili na nusu kutoka kwenye hedi (kichwa cha injini), tuone moto utaruka mpaka wapi. Haukuruka. Nguvu iliyokosa pa kutokea ilirudi nyuma kwenye transista, na kimya kikatanda. Tuliozoea pointi tumefanya mchezo huo miaka yote bila madhara. Kwenye transista usiuthubutu: plagi ivishwe kifuniko chake na ilazwe juu ya hedi. Mzee alinibadilishia mawazo, tukaagiza Kariakoo BU941Z, ambayo ina kinga ya ndani dhidi ya volti za namna hiyo. Ilikuja na basi siku ya pili.

Ya pili niliiua kwa chai. Niliacha swichi wazi, pointi zikiwa zimefunga, nikaenda kunywa chai na maandazi. Niliporudi koili ilikuwa haishikiki na kisanduku kinanuka. Koili ingepata moto hata kwa mfumo wa zamani, lakini transista niliyoifungia kwenye kopo lisilo na hewa haikuvumilia. Sasa bati la kupooza joto liko nje ya kopo, chini ya kiti, linapata upepo. Na nimeongeza taa ndogo nyekundu inayowaka pointi zikiwa zimefunga.

Taa hiyo imegeuka kuwa kitu ninachokipenda kuliko vyote. Kupima taimingi (muda wa moto kupigwa) ya Bullet desturi ni kubana karatasi ya sigara kati ya pointi, unazungusha injini pole pole huku unaivuta karatasi, na inapaswa iachie pistoni ikiwa imebakiza milimita 0.8 kufika juu. Mimi nazungusha, natazama taa. Ikizima, pointi zimefunguka. Mikono yote miwili iko huru.

Sasa matokeo. Nimekwenda kilomita 6,200. Asubuhi inawaka kwa kiki moja, siku mbaya mbili, ambapo zamani tano au sita lilikuwa jambo la kawaida. Saileni, yaani injini kuunguruma bila kukanyagwa mafuta, imetulia hata kwenye foleni. Mafuta sijaona tofauti ninayoweza kuiapia. Pointi nilizifungua juzi, nyuso zake zinang'aa, hakuna shimo wala kichuguu.

Lakini bado ni pointi. Kile kisigino cha faiba kinachosuguana na kemu (nundu inayozifungua pointi) kinalika vile vile. Nafasi kati ya pointi niliyoiacha milimita 0.38 nimeikuta 0.33, na nafasi ikipungua moto unachelewa. Bado natia grisi kidogo, bado natumia fila, kile kibati cha kupimia nafasi. Tofauti ni kwamba narekebisha mara mbili kwa mwaka.

Dosari ya pili ni betri. Transista yenyewe inakula kama volti moja na nusu kabla koili haijapata chochote. Masika iliyopita betri yangu ilichoka, nikapiga kiki mpaka jasho, ikagoma kabisa. Hapo ndipo nilipofurahia uamuzi mmoja: sikuitupa kondensa. Iko pale pale, imefungwa na kiunganishi chake. Nilihamisha waya mbili, nikairudisha pikipiki kwenye mfumo wa mababu, ikawaka kiki ya nne. Dakika tano hazikuisha.

Kwa hiyo nyota nne kati ya tano. Tano ningetoa kama nisingekuwa nimetengeneza bodi ya hizo sehemu za umeme mara mbili: ya kwanza mtetemo wa Bullet uliachanisha risasi ya kulehemu kwenye miguu ya rezista ile kubwa ndani ya wiki tatu. Ya pili nimeimwagia gundi ya Araldite, imekuwa jiwe. Haitengenezeki tena, lakini haijahitaji.

Watu wananiuliza kwa nini nisiondoe pointi kabisa, niweke sensa ya sumaku. Sehemu zake ninazo ndani ya droo. Ila sensa ikifa kona za Soni sitakuwa na cha kusugua kwa kiberiti.