TAHADHARI: Rekoda za "GB 64" Kariakoo. Nimelizwa, nanyi msilizwe

Nimekaa na jambo hili siku tisa kwa aibu. Wifi yangu ndiye aliyesema niandike, basi naandika. Yule winga, yaani kijana wa mtaani anayewapeleka wateja madukani, na mwenye duka aliyenipeleka kwake ni wezi. Naanza na hilo ili hata asiyefika mwisho alijue.

Wengi wenu mnajua safari ya Pangani ilikuwa ya kumnasa sauti bibi yangu, mama yake marehemu baba, na kumpelekea kanda za nyimbo za baba. Nilitaka kidude kimoja tu, kinachocheza muziki na kunasa sauti, kidogo cha kuingia kwenye mkoba, ili bibi asikilize nyimbo za mwanawe na mimi ninase anayoyasimulia. Msiniambie simu ingetosha. Kaka alishasema, na bado anasema kila tukikutana. Simu inaita katikati ya maneno, na bibi akiiona tu anajua anapigwa picha, anatengeneza ushungi na kunyamaza. Rekoda unaiweka mkekani karibu na sahani ya tambuu, dakika kumi baadaye ameshaisahau.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi, upande wa Msimbazi. Mimi si mtu wa kufuata mawinga, anayenijua anajua. Lakini nilikuwa nimeshauliza maduka mawili. La kwanza rekoda ya GB 4 ni laki mbili na thelathini, la pili hawana. Yule kijana alikuwa amesimama mlangoni anasikia. Nilipotoka akaja taratibu, hakunivuta mkono kama wenzake. "Dada yangu, ile ni GB 4 tu, utajaza wiki moja. Kuna ya 64, laki na nusu, mzigo umeingia juzi." Nikamwambia ni ya kumnasa bibi yangu sauti. Akasimama. Akasema na yeye kalelewa na bibi, na laiti angekuwa na hata dakika moja ya sauti yake. Akachukua kikapu changu akabeba. Kwa maneno yale nilimfuata, na kila nikiyakumbuka nasikia joto usoni.

Duka liko ghorofani, ngazi nyembamba, marobota ya mabegi ya shule yamejaa mpaka unapita ubavu. Ndani kuna mtu mzima, kichwa kina mvi, akaniita mwanangu. Hakuwa na haraka. Akatoa boksi, nailoni haijaguswa, akaichana kwa wembe mbele yangu. Juu kuna nembo ya kampuni ya Kijapani ambayo kila nyumba inaijua. Siitaji, maana nao wameibiwa jina lao. Akasema, "Usiniamini mimi, mwanangu, amini macho na masikio yako." Akaniwekea mdomoni nijaribu. Nikasema, "Bibi, shikamoo." Akabonyeza, ikatoka sauti yangu safi kabisa, hata honi ya bodaboda ya kule chini ilisikika. Nikasema sitosheki, nataka kuona ujazo. Akachomeka waya kwenye kompyuta yake, ikaandika 59.6. Hapo ndipo nilipoingizwa mkenge kwa elimu yangu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa najua kwamba kitu cha 64 kwenye kompyuta hakisomi 64 kamili, kinasoma 59 na ushee. Nikajiona mjuzi. Nikaomba punguzo, akanishushia mpaka 145,000. Nikataka kulipa kwa simu, akasema mtandao unasumbua tangu asubuhi. Nikahesabu noti.

Nyumbani niliingiza kwanza kanda za baba, zile 40 za saa moja moja nilizozihamisha mwaka jana. Zilicheza zote. Bibi alipozisikia Pangani alishika kile kidude kwa mikono miwili akakiweka sikioni kama mtu anayepokea siri.

Usiku wa kwanza nilinasa saa mbili na dakika kumi. Nilichagua WAV, ile isiyobanwa, kwa sababu sauti ya bibi ni nyembamba na sikutaka ipungukiwe na kitu, ingawa saa moja inakula zaidi ya MB 600. Nilijiambia nafasi ipo tele. Asubuhi nikasikiliza mwanzo, iko sawa. Alieleza jinsi baba yake alivyokuja kama manamba kwenye mashamba ya mkonge. Usiku wa pili akataja majina ya ndugu zake wote, waliokua na waliokufa wachanga. Usiku wa tatu aliimba nyimbo za kutwangia, moja baada ya nyingine, nyingine sijawahi kuzisikia kwa mtu yeyote wa nyumba yetu. Usiku wa nne alizungumzia siku aliyozaliwa baba. Miaka yote hiyo hakuwahi kuigusa siku ile. Kila usiku niliangalia kioo, jina la faili lipo, dakika zipo. Sikusikiliza zaidi, nilitaka tusikilize pamoja Dar.

Wiki mbili baada ya mimi kurudi bibi alianguka. Yu hai, alhamdulillahi, lakini ulimi ni mzito, maneno hayatoki.

Tukakusanyika Jumapili, shangazi amepanda basi kutoka Tanga kwa ajili hiyo. Nikaanza na usiku wa nne. Kioo kinaonyesha dakika 118, sekunde zinakwenda, na hakuna kitu. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Shangazi akasema, "Labda bado anatafuta maneno." Tukangoja. Nilisogeza mbele, nikasogeza tena, kukatoka mkwaruzo mmoja, basi. Usiku wa tatu hivyo hivyo. Usiku wa pili unakatika baada ya saa moja hivi, amefika kwa ndugu yake wa tano.

Fundi alikifungua mbele yangu. Memori iliyomo ni GB 8. Kilichofanywa ni kuchezea programu yake ili kidude chenyewe kiseme 64. Ni kama karani anayeandika daftarini kapokea magunia 64 wakati ghala lake linabeba 8: hesabu iko sawa, jina liko sawa, mzigo umemwagwa nje. Ile 8 ikijaa kidude hakigomi, kinaendelea kuandika majina na dakika, na sauti haiendi popote. Ndiyo maana wako tayari ujaribu dukani mpaka uchoke. Nikamuuliza kama anaweza kuzirudisha. Akasema cha kurudisha hakipo, kwa sababu hakikuwahi kuandikwa.

Nilirudi ghorofani na kaka. Kuna kijana mwingine, akanionyesha kwa kidole maandishi kwenye karatasi yangu ya risiti, mali ikishauzwa hairudishwi. Yule mzee alikuwepo. Alinitazama usoni akasema, "Mama, sikufahamu." Wiki chache nyuma nilikuwa mwanangu. Namba ya winga haipatikani.

Nataka wafungwe. Sisemi kwa hasira ya siku moja, nimelala nayo na kuamka nayo. Wapo watakaosema laki na nusu ni pesa kidogo, achana nao. Sidai laki na nusu! Mtu anayeuza kiatu feki amekuuzia kiatu, kitachanika utanunua kingine. Hawa wanajua kabisa kwamba anayenunua rekoda ana kitu anachotaka kisipotee. Bandia za namna hii zina sheria yake, Sheria ya Alama za Bidhaa, ya tangu 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, moja ya kazi zake ni kukamata mizigo kama hii. Mzigo wote ule uchukuliwe, uteketezwe mbele ya macho yao, leseni ifutwe, na yule mzee asimame kizimbani aulizwe alikuwa anafahamu nini.

Mlioniuliza dalili za bandia kwenye grupu: risiti haikuwa ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ni karatasi ya mkono isiyo na jina la duka, wakasema mashine iko kwa fundi. Hakutaka malipo ya simu. Kidude ni chepesi mno, kama boksi la kiberiti tupu. Na bei: GB 4 laki mbili na zaidi, halafu 64 kwa laki na nusu, ningejiuliza hapo hapo. Ukishanunua, kabla hujanasa chochote cha maana, kijaze chote mpaka kiseme kimejaa, kisha rudisha yale mafaili kwenye kompyuta ufungue ya mwisho uyasikilize. Kadi za memori na flashi vilevile. Zaidi ya hapo muulizeni fundi, mimi kichwa changu hakiko kwenye dalili sasa hivi.

Jumamosi hii saa nne asubuhi nakwenda tena, na kidude, na karatasi, na kaka. Kama na wewe uliuziwa kwenye ngazi zile zenye marobota ya mabegi, niandikie leo twende pamoja. Mtu mmoja wanamwambia hatukufahamu.