Vioo vya gari vikishika ukungu: kipi ununue kwanza, kipi ukiache

Kabla hujatoa hela, inua kapeti. Bonyeza kwa kiganja sehemu ya miguu ya dereva, ya abiria wa mbele na ya nyuma, kisha fungua buti uangalie pale tairi la spea linapokaa. Ukikuta majimaji, gari linavuja, na hakuna kifaa cha dukani kitakachoshindana na tundu. Maji upande wa abiria wa mbele mara nyingi hutokana na mpira wa kutolea maji ya AC ulioziba. Maji kwenye buti huwa ni raba za mlango au za taa za nyuma zilizochoka. Kama kioo cha mbele kinashika utando wa mafuta mafuta na ndani kunanukia utamu utamu, hiyo ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inayovuja kwenye hita. Peleka kwa fundi upesi, kwa sababu injini ikipungukiwa na kulanti hupata joto kupita kiasi.

Kama kapeti ni kavu, basi tatizo ni mvuke wa pumzi, nguo zilizoloa na mwavuli uliotupwa sakafuni. Mvuke huo ukikutana na kioo chenye baridi hugeuka maji. Kila bidhaa unayoonyeshwa iulize swali moja: inayatoa maji garini, au inayaficha?

Ya kwanza ni filta ya hewa ya ndani, wengi huiita filta ya AC. Watu huisahau kwa sababu hawaioni. Kwenye magari mengi imefichwa nyuma ya droo ya dashibodi. Ikijaa vumbi, feni hulia kwa nguvu lakini hewa haifiki kiooni. AC ndiyo mashine bora ya kukausha hewa uliyonayo tayari: mvuke hugeuka maji kwenye koili yake baridi, yakadondoka nje chini ya gari. Iwashe pamoja na joto, elekeza hewa kwenye kioo, na uzime kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kitufe hicho kikiwaka, mnapumua mvuke ule ule na vioo vinazidi kuziba.

Ya pili, mfuko wa silika jeli. Huu ni wa gari linalolala limefungwa vioo. Chukua mkubwa, wa kilo moja hivi, kwa sababu silika hubeba takriban theluthi ya uzito wake tu. Vile vidogo vya kwenye maboksi ya viatu havifui dafu. Uzuri wake ni kwamba unaukausha na kuutumia tena, kwa njia iliyoandikwa kwenye mfuko wenyewe. Nunua wenye chembe za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba. Za bluu zinazogeuka waridi mara nyingi zimetiwa kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu. Kama hauna rangi ya kuonyesha, upime kwenye mizani ukiwa mkavu, andika uzito wake kwa kalamu juu ya mfuko, kisha upime tena baadaye. Utajua umekunywa kiasi gani. Usiuweke juu ya kifuniko cha eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga.

Ya tatu, kitambaa cha maikrofaiba na dawa ya kusafishia vioo. Kioo chenye utando wa uchafu kwa ndani hushika ukungu haraka kuliko kisafi. Kitambaa kikishaloa, kikamue na ukianike nje ya gari. Ukikitupa mlangoni kikiwa kimeloa, maji umeyarudisha mwenyewe.

Ya nne, kopo la kloridi ya kalsiamu. Linavuta maji mengi kuliko silika, na kwa gari lililoegeshwa muda mrefu linafanya kazi kweli. Shida ni kwamba hugeuka maji ya chumvi. Yakimwagika hula chuma, huharibu ngozi ya viti, na kapeti haikauki tena vizuri kwa sababu chumvi inaendelea kuvuta unyevu. Lisiwemo kwenye gari linalotembea.

Ya tano, dawa ya kupulizia ya kuzuia ukungu. Hii inayaficha: maji yanatandazwa yawe utando mwembamba unaopitisha macho. Husaidia kwa muda, lakini ikipakwa vibaya huacha michirizi inayong'aa usiku taa za mbele zikikumulika. Mimi singeipaka kioo cha mbele. Makaa ya mianzi yanafuata. Ni mazuri kwa harufu, ila kwa maji hayafui dafu mbele ya silika.

Ya mwisho, usinunue kabisa: hita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya kuwashia sigara. Soketi ya volti 12 yenye fyuzi ya ampea 15 haiwezi kutoa zaidi ya wati 180 hivi, wakati kikausha nywele cha kawaida hupita wati 1,000. Haiwezi kupasha kioo kizima, na ukiiacha injini ikiwa imezimwa inamaliza betri.