Uzoefu wangu na programu ya kutafakari na kuachilia kiwewe mjini Moshi

Nilijiunga na programu ya kutafakari, kujihoji na kuachilia machungu ya zamani katika kituo kimoja cha maeneo ya Shanty Town, mjini Moshi, kwa sababu moja mahususi: baada ya ajali ya basi katika barabara ya Arusha, mguu wangu ulipona lakini mwili ukakataa kupanda gari. Picha za eksirei zilionyesha kwamba mfupa umeunga vizuri, ila kila dereva alipofunga breki ghafla viganja vyangu vililowa jasho, moyo ukaenda mbio, na zaidi ya mara moja nilishuka Boma Ng'ombe na kubaki pale nikitazama magari yakipita. Kwa mtu ambaye kazi yake iko Arusha na familia yake iko Moshi, hilo halikuwa jambo la kuvumilia kwa kujikaza, ingawa kujikaza ndiko nilikoshauriwa na karibu kila aliyekuja kunipa pole.

Kipeperushi cha kituo hicho nusura kinirudishe nyumbani. Kiliahidi uponyaji wa mwili, akili na roho kwa pamoja, kisha kikaorodhesha kisukari, shinikizo la damu, ugumba na migogoro ya ndoa kama mambo yanayokwisha kwa kutafakari. Ninavyofahamu, ushahidi hauendi mbali kiasi hicho. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 katika jarida moja la Chama cha Madaktari cha Marekani, yaliyojumuisha majaribio 47 na washiriki zaidi ya 3,500, yaliona kwamba programu za kutafakari hupunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani, lakini hayakupata uthibitisho kwamba zinazishinda dawa au mazoezi ya viungo. Kwa kuwa shida yangu ilikuwa wasiwasi, nililipa ada. Ningekuwa na kisukari, ningebaki na daktari wangu.

Mwezeshaji wetu alikuwa mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi ya uuguzi, na nadhani uuguzi huo ndio uliomfanya awe mwangalifu kuliko kipeperushi chake. Msingi wa vikao vya asubuhi, alivyotueleza, umechukuliwa kutoka kwenye mafunzo ambayo Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha mwaka 1979 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu sugu, na ambayo kwa kawaida huchukua wiki nane. Tulikaa kwenye mikeka au viti, macho yakiwa yamefumbwa au yakitazama sakafu, tukafuatilia pumzi ikiingia na kutoka, na akili ilipotangatanga tuliirudisha bila kujilaumu. Ukumbi uko karibu na barabara, hivyo bodaboda hazikutuacha, na siku ya kwanza nililalamika.

"Mwanangu, usigombane na pikipiki," aliniambia. "Isikie, iache ipite, kisha urudi kwenye pumzi yako."

Kwangu mimi kelele hizo zikawa sehemu ya tiba, kwa kuwa nilichohitaji kukizoea ni mlio wa injini na breki, si utulivu wa msituni. Alitufundisha pia kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko tunavyoivuta, hadi kufikia pumzi kama sita kwa dakika, akaeleza kwamba mtu anapotoa pumzi, neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka hadi kifuani na tumboni, hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Hii ndiyo sehemu iliyonifaa kuliko zote, kwa sababu naweza kuifanya nikiwa nimebanwa kwenye kiti cha Coaster bila abiria mwenzangu kujua kinachoendelea. Hofu haijaisha, lakini sasa hupanda na kushuka, na sishuki tena njiani.

Sehemu ya pili, ya kujihoji, ilizua maswali. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa kundini aliuliza kwa heshima kama tunaingizwa katika dini nyingine, na swali lake lilikuwa la haki, maana njia hiyo inatokana na mafundisho ya Ramana Maharshi, aliyeishi kwenye mlima Arunachala, kusini mwa India, hadi alipofariki mwaka 1950. Yeye alifundisha kwamba wazo lolote linapozuka mtu ajiulize limemzukia nani, na akijibu kwamba limenizukia mimi, aendelee kuuliza: mimi ni nani? Mwezeshaji hakuficha asili hiyo, akasema kila mmoja anaweza kubaki na imani yake na kulitumia swali kama chombo cha kujitazama tu. Mzee aliridhika, akaendelea hadi mwisho. Mimi sikufika popote pa juu kwa njia hiyo, ila nilipojiuliza hofu hii ni ya nani hasa, nikagundua kwamba nilichokuwa nakiogopa si breki wala kifo, bali zile dakika nilizolala kando ya barabara, simu ikiwa imepotea, bila hata mtu mmoja aliyejua jina langu. Jioni hiyo niliandika namba ya mke wangu kwenye karatasi na kuitia kwenye pochi. Sijui kama kuna mtaalamu ambaye angeliita hilo tiba, lakini usingizi wangu ulianza kurudi tangu hapo.

Sehemu ya tatu, ya kuachilia, ndiyo ninayoilalamikia. Iliegemea mawazo ya Peter Levine, Mmarekani anayeshikilia kwamba mnyama wa porini akinusurika hutetemeka na kumaliza mshtuko wake, ilhali binadamu huuzuia ukabaki mwilini. Mwenzetu mmoja, kijana anayeongoza watalii kutoka Arusha, alisema ameona swala wengi waliomponyoka duma, na alichowaona wakifanya ni kurudi kula majani. Tukacheka, na kicheko hicho kilitusaidia. Tatizo ni kwamba zoezi la kutetemesha mwili na kukumbuka tukio lilifanywa na kundi zima kwa wakati mmoja, chini ya mwezeshaji mmoja. Dada aliyekuwa mkeka wa pili kutoka kwangu alizidiwa na kumbukumbu zake, akawa hasikii anapoitwa, na ilichukua muda mrefu kumtuliza huku sisi wengine tukiwa tumeachwa katikati ya zoezi. Kumbukumbu za namna hiyo zinafunguliwa mtu na mnasihi wake, taratibu, na si mbele ya halaiki. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake kuhusu matatizo yatokanayo na kiwewe mwaka 2013, lilipendekeza tiba za kisaikolojia zinazotolewa na watu waliofunzwa kuzitoa, na nimwonavyo dada yule, hapo ndipo angepaswa kuelekezwa tangu mwanzo.

Sikupenda pia kushinikizwa kusamehe. Kikao cha mwisho kilitutaka tumtaje kwa sauti aliyetuumiza na kutamka kwamba tumemwachilia. Nilikataa kumtaja dereva, kwa sababu kesi ilikuwa bado inaendelea, na kwa sababu msamaha wangu haufuati ratiba ya ukumbi. Mwezeshaji hakunilazimisha.

Ada ilikuwa shilingi 25,000 kwa kikao, bima ya afya haikupokelewa, na risiti ilibidi niiombe. Kwa vikao vya pumzi na kujihoji naona fedha hiyo ni halali, na nimemshauri shemeji yangu, ambaye tangu msiba wa mama yake halali vizuri, ahudhurie hivyo viwili tu. Ila mwenye kusikia sauti, mwenye mawazo ya kujidhuru, au anayetumia dawa za akili, aanze kwanza kliniki ya afya ya akili, iwe katika hospitali ya rufaa ya KCMC hapa Moshi au hospitali iliyo karibu naye, na asiache dawa kwa sababu ya kipeperushi. Na yeyote anayetaka sehemu ya tatu amuulize mwezeshaji kabla ya kulipa: nikizidiwa, nani atakaa nami, na wengine watabaki na nani? Mimi nilipouliza baada ya tukio la yule dada, niliambiwa wanatafuta msaidizi wa pili.