Kipande cha mlangoni cha reli ya mfano: miezi minane na seti ya kununua

Kwa miaka miwili nilikuwa naingia kwenye chumba changu cha treni kwa magoti. Njia ya reli inazunguka kuta zote nne na inapita mbele ya mlango, basi kila nikitaka kuendesha ni kuinama chini ya meza kama mwizi. Siku niliyoinuka kabla ya wakati na ubao ukanigonga utosini, niliagiza seti ya kipande cha kutoa, yaani ubao wenye reli unaoziba pengo la mlangoni kama daraja na kuondolewa ukitaka kupita.

Ndani ya boksi mlikuwa na ubao wa plaiwudi wa milimita 12, vichwa viwili vya kufunga kwenye meza pande zote za mlango, pini nne za shaba na vikombe vyake, makomeo mawili, plagi ya waya mbili na ukurasa mmoja wa maelekezo.

Nianze na pini, maana hizo ndizo zilizonifurahisha. Ncha yake imechongwa kwa mteremko, ikigusa kikombe inajipeleka yenyewe, unasikia "tik", na ubao umerudi palepale ulipokuwa. Reli zangu ni za HO (kipimo kimojawapo cha treni za mfano), upana milimita 16.5 kati ya reli na reli, na ukingo wa gurudumu unashuka kama milimita moja tu. Reli ikipishana nusu milimita tu, behewa liko chini. Nimetoa na kurudisha kipande hiki karibu kila siku kwa miezi minane, na kidole kikipita juu ya kiungo hakikwami.

Makomeo ni takataka. Yalicheza tangu wiki ya kwanza, nikaweka vibano vya kukaza.

Maelekezo nayo yalinipoteza. Yanasema kata reli kwanza, kisha uzipige kwenye ubao. Nilitii, nikapata pengo la milimita tatu upande mmoja. Nikang'oa zote. Mara ya pili nilikaza ubao mahali pake, nikalaza reli nzima bila kukata kutoka meza hadi meza, nikaondoa mataruma (vile vipande vya kulalia reli) ya mwisho kwenye viungo na kulehemu reli juu ya vichwa vya skrubu za shaba. Hapo ndipo nikapitisha msumeno mwembamba. Reli haziwezi kukosea kukutana, kwa kuwa zilikuwa reli moja. Na zile skrubu zinaokoa ncha: kabla yake mkono wa shati langu ulinasa reli na kuikunja kama waya.

Msimu wa mvua kipande kiligoma kuingia. Mbao za meza yangu zilikuwa hazijapakwa kitu, zikavuta unyevu na kusogea. Nilipiga msasa ncha moja, nikapaka vanishi pande zote, hata chini kusikoonekana.

Upande wa umeme seti imelala kabisa. Plagi inapeleka umeme kwenye kipande hicho, yaani daraja, basi. Ukilitoa, reli za mezani bado zina moto, na treni inaendelea hadi ukingoni. Yangu moja ilianguka sentimita 120 hadi sakafuni. Kiunganishi cha mbele hakikupona. Nikabadili waya: umeme wa mita moja ya mwisho kila upande sasa unapita kwanza kwenye daraja ndipo urudi mezani. Daraja likitoka, mita hiyo inakufa. Ila kichwa cha treni chenye kapasita ya akiba (kifaa kinachotunza umeme kidogo ndani yake) huendelea kwa sekunde kadhaa bila umeme, kwa hiyo nimeongeza kizuizi cha mbao cha kusimamisha kwa mkono.

Ningenunua tena? Pini peke yake, ndiyo. Plaiwudi anaweza kukukatia seremala yeyote.

Kabla hujaagiza, tazama mlango wako. Wangu unafunguka kwenda nje. Unaofunguka kwenda ndani utaugonga ubao siku mtu wa nyumbani atakapokuja kukuita chakula, kwa hiyo weka komeo kwa ndani na ulifunge kabla treni haijaondoka.