Fundi wa Isevya kasema Jumatano, na ikawa Jumatano

Wenzangu wa Tabora, wiki ya pili hii nasema ntaandika ntaandika, leo nimekaa chini. Ni kuhusu fundi cherehani, mama mmoja yuko Isevya anashonea kibarazani kwake, hana bango wala jina la duka, we ukifika mtaani ulizia yule mama Mmenonite fundi (Wamenonite ni dhehebu la Kikristo) hata mtoto anakupeleka. Nampa nyota nne kati ya tano na hiyo moja ntaeleza imeenda wapi.

Kwanza mjue nilikotoka. Iddi ya mwaka jana nilipeleka vitambaa kwa fundi mmoja wa mjini, simtaji, wiki tatu kabla, gauni langu na za wanangu wawili. Kila nikienda njoo kesho, mara bado mikono tu, mara umeme ulikatika, mwisho akaniapia kwa jina la Mungu kabisa kwamba usiku wa kuamkia Iddi nguo ntakuwa nazo. Nguo nilizipata Iddi tatu! Wanangu walivaa za mwaka juzi zimeshawafika magotini, yule mdogo akagoma kutoka nje hata kwenda kuomba mkono wa Iddi kwa babu yake, akashinda chumbani analia. Mzazi anajua hiyo inavyouma.

Sa mwaka huu jirani ndo akaniambia nenda kwa yule mama wa Mara. Nikafika asubuhi, shikamoo mama, marahaba mwanangu karibu kiti, akaniwekea kigoda, akachukua futi kamba akanipima kimya kimya anaandika kwenye daftari la shule. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi ya zamani ile, na pasi ni ya mkaa, kwahiyo habari za umeme umekatika kwake hamna. Akasema Jumatano saa kumi jioni. Na mimi kwa kidonda changu cha mwaka jana nikamwambia mama, niapie. Akaweka chaki chini, akaniangalia, "Siapi mwanangu. Sisi hatuapi. Nimekwambia Jumatano saa kumi, basi ni Jumatano saa kumi."

Nilitoka pale roho haijatulia, maana sisi tumezoea mtu asipotoa wallahi unahisi kuna kitu anaficha.

Jumatano nilienda saa tisa na nusu makusudi nimkute anahangaika. Nikakuta nguo tatu zimekunjwa kwenye mfuko, zimepigwa pasi mpaka pindo zimelala, yeye yuko kwenye kazi ya mtu mwingine. Nikazigeuza ndani nje maana fundi utamjua kwa ndani. Mshono umepigwa mara mbili, hamna uzi unaoning'inia hata mmoja, bitana imekaa haivuti, zipu inapita kama imepakwa mafuta. Na gauni za watoto chini ameacha kitambaa cha vidole vinne kimekunjiwa ndani alafu juu yake kuna mikunjo miwili kama mapambo, nikadhani ni urembo, kumbe akaniambia hiyo ni akiba, mtoto akirefuka mwakani unafumua mkunjo mmoja gauni linashuka, mwaka unaofuata unafumua wa pili. Yani gauni moja Iddi tatu. Nani mwingine hapa mjini anakufikiria hivyo wakati faida yake ni wewe urudi kila mwaka? Nililipa elfu ishirini na mbili langu, za watoto elfu kumi kumi, kitambaa na bitana nilienda navyo mwenyewe.

Toka hapo nimerudi kama mara nne, na kila nikisubiri namuuliza maswali kwasababu kile kitu cha kutoapa kilinikaa. Kumbe kwao ni dini hasa, Yesu kasema kwenye Mathayo 5 "maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo", na wao wamelishika hilo neno kama lilivyo, tangu mwanzo wao huko Ulaya miaka ya 1520. Jina la Mmenonite limetokana na Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyeacha upadri mwaka 1536 akawa kiongozi wao. Walikuwa wanasema mtoto mchanga habatizwi, mtu abatizwe akiwa na akili zake anajua anachoahidi, na kwa hilo tu wakasakwa, wakazamishwa mitoni, wakachomwa moto.

Hapa ndo akanisimulia habari ya mwanamke anaitwa Maeyken Wens, wa mji wa Antwerp, mke wa fundi mwashi. Alichomwa moto mwaka 1573 kwa ajili ya imani yake, na kabla ya kupelekwa walimbana ulimi kwa skrubu ya chuma ili asiseme neno mbele za watu. Mwanae mkubwa, kijana wa kama miaka kumi na tano, alikuja kuangalia kamshika mdogo wake wa miaka mitatu, ilipofika wakati wenyewe akazimia. Alipozinduka watu wameshaondoka, akaingia kwenye majivu akatafuta ile skrubu mpaka akaipata, ndo kumbukumbu yake ya mama. Mama fundi anasimulia hivyo huku anaweka uzi kwenye bobini, hajainua kichwa, mimi mwenzenu machozi yananitoka pale kwenye kigoda. Nikaelewa kwanini kwake neno likishatoka mdomoni halichezewi, yule mwanamke ulimi wake ulifungwa na huyu wa kwake uko huru, atautumiaje kunidanganya habari ya gauni?

Yeye mwenyewe ni Mjaluo wa Shirati kule Mara, ambako Wamenonite kutoka Marekani walifungua misheni yao ya kwanza hapa kwetu mwaka 1934. Bibi yake alibatizwa palepale. Askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa lao, Zedekia Kisare, aliwekwa 1967, huyo anamtaja kwa heshima sana. Mama fundi alikuja huku kwa treni ya Mwanza akimfuata mumewe aliyekuwa mfanyakazi wa reli, mume akafariki, akabaki na cherehani.

Cherehani alifundishwa na mke wa mmisionari aliyetokea Lancaster, Pennsylvania, na yule mama majirani zake kwao walikuwa watu wa dhehebu la Amish, ndo habari zao anazijua. Na hapa niwarekebishe wengi, hata mimi nilikuwa nachanganya, nilidhani Wamenonite wote ni wale wa magari ya farasi tunaowaona kwenye video. Hapana. Amish walijitenga na wenzao mwaka 1693 wakimfuata Jakob Ammann, wakaenda Marekani, na saivi wanafika kama laki nne, wengi wako Pennsylvania, Ohio na Indiana. Wamenonite wengi wanaendesha magari, wana simu, wanasoma vyuo. Binti wa huyu mama ni nesi.

Ila wanawake wa Amish ndo walinivuta zaidi. Nguo zao wanashona wenyewe, kitambaa cha rangi moja hakina maua, wengine cherehani zao ni za kukanyaga kama hii ya Isevya kwasababu umeme wa gridi hawauingizi nyumbani. Gauni mbele halina vifungo, wanafunga kwa pini, nikamuuliza haziwachomi? Akacheka akasema yule mama alimwambia ukizoea unajua pa kuipitisha. Nywele hawakati, wanagawa katikati wanafunga nyuma, juu yake kofia nyeupe nyepesi, wanafuata maneno ya Paulo kwa Wakorintho kwamba mwanamke akisali afunike kichwa. Mama fundi yeye hafungi kofia ile, anafunga kitambaa cheupe, bibi yake ndo alikuwa na ya kimisionari. Tukaangaliana pale, mimi na mtandio wangu yeye na kitambaa chake, akasema "unaona, mimi na wewe hatuko mbali." Kweli hatuko mbali.

Jumatatu ni siku ya kufua, wengi wana mashine ya kukamua inayozungushwa na injini, nguo zinaning'inia kwenye kamba ndefu mpaka mtu wa mbali anajua nyumba ile ina watoto wangapi. Wakati wa mavuno wanapika matunda, matango na hata nyama wanafungia kwenye chupa za vioo za kuwatosha mpaka baridi iishe, ni akili ileile ya bibi zetu Wanyamwezi na michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha. Kanisa la jengo hawana, wanasali nyumbani kwa zamu kila baada ya wiki mbili, kwahiyo zamu ikifika kwako unasafisha nyumba nzima na kuandaa chakula cha watu mia na zaidi, wanawake wenzio wanakuja kukusaidia. Mwanamke hawi mhubiri, lakini wakati wa kupendekeza nani awe mhubiri na yeye anatoa jina, alafu waliopendekezwa wanapigiwa kura ya karatasi iliyofichwa kwenye kitabu cha nyimbo, atakayeikuta ndo kachaguliwa na Mungu.

Kuna vitu viwili sivisahau. Cha kwanza, mara mbili kwa mwaka kwenye meza ya Bwana wanaoshana miguu, wanawake kwa wanawake, beseni na taulo, tajiri anainama kwa maskini. Mama fundi kasema hata kwao Shirati walifanya, na neno analotumia ni kutawadhana, ndo liko kwenye Biblia ya Kiswahili, Yohana 13. Neno letu la udhu kabisa! Cha pili, bibi harusi wa Lancaster siku ya ndoa anavaa gauni alilojishonea, mara nyingi la bluu, na aproni nyeupe. Ile aproni baada ya harusi anaikunja anaweka, haivai tena mpaka siku atakayozikwa nayo. Mimi nikafikiria sanda. Mwanamke ana miaka ishirini, yuko kwenye furaha yake, na mikono yake mwenyewe imeshashona atakachoondoka nacho.

Sikubaliani na kila kitu. Watoto wa Amish shule wanaishia darasa la nane, mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliwaruhusu mwaka 1972, mimi wanangu wa kike nataka wafike chuo na nilimwambia hivyo. Akasema hata yeye asingekubali, ndo maana aliuza ng'ombe binti yake asomee unesi.

Turudi kwenye huduma, nyota moja imeenda wapi. Anapokea kazi chache, daftari likijaa limejaa hata umpe mara mbili, mimi mwezi uliopita nilikataliwa nikarudi na kitambaa changu. Ana kitochi tu, mambo ya kumtumia picha ya mshono wasapu hamna, uende na picha mkononi au umchoree. Kioo cha kujipimia ni kidogo kile cha ukutani unaona uso na mabega basi. Mgongo wazi na mpasuo wa mapajani hashoni, atakwambia kwa upole nenda kwa fulani anajua vizuri zaidi. Nakshi za uzi pia hana. Jumapili kafunga na usimgongee mlango.

Ila mabaki ya vitambaa hatupi, anaunganisha viraka anatengeneza mashuka mazito, nililonunua mimi elfu thelathini na tano lina vipande vya nguo za nusu ya mtaa, nimekuta na cha gauni la jirani yangu. Na mwanangu mdogo, yule aliyelia Iddi ya mwaka jana, alimpa mwanasesere wa matambara asiye na uso, hana macho hana mdomo, kama wale wa Amish. Mtoto akauliza bibi mbona hana macho, akajibiwa "ili awe mzuri sawa na wenzake wote." Analala naye mpaka leo.

Oda za Iddi kubwa kashaanza kupokea, mwaka huu anachukua watu kumi na tano tu. Mimi nimeshapeleka, sikumwomba aape. Kaniambia Jumanne saa nane mchana.